Kuendesha Gari Kwenye Mchanga wa Ufuoni: Upepo wa Matairi, Saa za Maji na Namna ya Kujinasua

Dereva aliyezoea lami anapoingia ufuoni kwa mara ya kwanza, jambo linalomponza mara nyingi si udhaifu wa injini bali ni imani yake kwamba nguvu ndiyo dawa. Anahisi gari likipungua mwendo, anakanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka bure, na baada ya sekunde chache kila gurudumu limekwisha kujichimbia shimo. Gari huvuka mchanga kwa kuukanyaga kwa wepesi, uzito wake ukiwa umesambaa kwenye eneo pana, na mambo mawili yanayoamua hilo kuliko yote, yaani kiasi cha upepo kilichomo ndani ya matairi na saa ambayo dereva amechagua kuteremka ufuoni, huamuliwa kabla gurudumu halijagusa mchanga. Maelezo yanayofuata yamekusudiwa watu wa aina mbili: mwenye gari la kazi ngumu lenye uwezo wa kufungamanisha ekseli zake, na mwenye gari la familia lililoandikwa AWD (yaani linalosukumwa na magurudumu yote) ambaye hana hakika kama herufi hizo zinamruhusu kuondoka kwenye barabara.

Gari lako linasukumwaje?

Alama za 4WD (yaani kusukumwa na magurudumu manne) na AWD hubandikwa nyuma ya magari kana kwamba zina maana moja, lakini mchangani tofauti yake huonekana mapema. Gari la 4WD la mtindo wa zamani, ambao bado unatumika sana kwenye magari ya kazi, lina kisanduku cha pili cha gia chenye jukumu la kugawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Dereva anapochagua 2H, magurudumu ya nyuma pekee ndiyo yanayosukuma. Anapochagua 4H, ekseli zote mbili hufungamanishwa na kulazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja. Na anapochagua 4L, ekseli hubaki zimefungamanishwa vivyo hivyo lakini gia zote huwa nzito zaidi, gari likienda polepole kwa nguvu kubwa. Kwa sababu hiyo gari la namna hii halipaswi kukata kona kwenye lami kavu likiwa katika 4H, maana kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma husafiri umbali tofauti, na mkazo unaotokea huishia kwenye meno ya gia. Mchangani mkazo huo hujiachia wenyewe, kwa kuwa tairi huteleza kidogo bila madhara.

Yako pia magari yanayosukumwa na magurudumu manne wakati wote, ambayo, mbali na difu za ekseli, yaani gia zinazoruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kupishana mwendo, yana difu ya tatu katikati inayoruhusu ekseli mbili kupishana mwendo. Ikiwa gari lako lina kitufe au kishikio cha kufunga difu hiyo ya kati, ifunge kabla ya kuingia mchangani, wala usingoje hadi uanze kuzama.

Magari mengi madogo ya AWD yameundwa kwa namna nyingine kabisa. Kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya mbele, na kompyuta ya gari inapogundua kwamba hayo yanateleza, hubana sahani za klachi iliyo karibu na ekseli ya nyuma ili sehemu ya nguvu ihamie huko. Mpango huu unafaa sana kwenye barabara yenye maji au utelezi wa muda mfupi. Kwenye mchanga laini, hata hivyo, utelezi hauishi, klachi inafanya kazi bila kupumzika, na joto lake hupanda mpaka gari lenyewe linaikata ili kuikinga isiungue. Taa ya onyo huwaka, magurudumu ya nyuma hunyamaza, na dereva anajikuta katikati ya ufuo akiwa na gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu. Ikikutokea hivyo, simama mahali pagumu, acha injini ikizunguka bila kazi, na usubiri mfumo upoe kabla ya kuendelea. Ongeza pia kwamba magari hayo hayana 4L, matumbo yake yako karibu na ardhi, na mara nyingi yamewekewa matairi yenye ubavu mfupi. Maoni yangu ni kwamba gari la AWD linaweza kupita ufuoni kwa usalama pale ambapo mchanga ni mgumu na wenye unyevu, maji yakiwa yamekupwa, upepo ukiwa umepunguzwa, na kukiwa na gari jingine lenye uwezo zaidi linalosafiri nalo. Lisifuate mitaro iliyochimbwa na magari makubwa, kwa kuwa tumbo litalala juu ya tuta la katikati na magurudumu yataning'inia.

Jambo jingine la kuelewa kabla ya safari ni tabia ya difu ya kawaida. Gurudumu moja la ekseli likikosa mshiko, ndilo linalozunguka, na lile lenye mshiko hubaki limesimama. Ndiyo maana gari la 4WD lisilo na kifungo cha difu huweza kukwama likizungusha gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, mengine mawili yakitazama. Kifungo cha difu ya nyuma huondoa udhaifu huo, lakini hulifanya gari ligome kugeuka, kwa hiyo kitumike wakati wa kwenda mbele moja kwa moja na kifunguliwe mara tatizo linapokwisha.

Mifumo ya kielektroniki ya kuzuia utelezi nayo inahitaji kuangaliwa. Barabarani huokoa maisha kwa kupunguza nguvu ya injini na kubana breki za gurudumu linaloteleza. Mchangani, kupunguziwa nguvu wakati unaihitaji ili usipoteze mwendo ni sawa na kushikwa shati ukiwa unakimbia. Magari mengi yana kitufe cha kuzima mfumo huo, na katika baadhi yake lazima kibonyezwe kwa sekunde kadhaa ndipo uzimike kikamilifu. Ikiwa gari lako lina kirungu cha kuchagua aina ya ardhi, kama ule mpango ambao Land Rover waliuanzisha kwenye Discovery 3 mwaka 2004, chagua alama ya mchanga, kwa sababu hapo kompyuta huruhusu magurudumu kuteleza zaidi kabla ya kuingilia kati. Soma kitabu cha gari ukiwa nyumbani, kwani ufuoni maji yakiwa yanajaa hakuna nafasi ya kutafuta ukurasa.

Upepo wa matairi

Kama msomaji atachukua jambo moja tu katika maelezo haya, nalichukue hili: punguza upepo kabla ya kuingia mchangani. Gari la 4WD lenye upepo wa lami hukwama mahali ambapo gari la uwezo wa kawaida lenye upepo mdogo hupita bila shida.

Sababu yake inaweza kupigiwa hesabu. Chukua gari lenye uzito wa kilo 2,000 ambalo kila gurudumu linabeba kilo 500. Tairi lenye upepo wa psi 35 (pauni 35 kwa kila inchi ya mraba) linasukuma ardhi kwa takriban kilo 2.5 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo ili kubeba kilo 500 linahitaji kugusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba kama 200, yaani kiasi cha kiganja kipana. Ukipunguza upepo hadi psi 18, eneo hilo linakaribia kuwa maradufu, na shinikizo juu ya mchanga linapungua karibu nusu. Ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya mzigo, hivyo hesabu hii ni ya kukadiria, lakini mwelekeo wake ni sahihi. Wengi hudhani kwamba tairi lililopunguzwa upepo hutanuka kwa upana. Kwa kweli hurefuka zaidi kuliko linavyotanuka, na wayo huo mrefu hupita juu ya mchanga taratibu badala ya kusukuma tuta dogo mbele yake kila linapozunguka.

Maarifa haya si mapya. Katika miaka ya 1920 na 1930, afisa wa jeshi la Uingereza Ralph Bagnold alivuka majangwa ya Misri na Libya kwa magari ya kawaida yaliyosukumwa na magurudumu mawili tu, akitumia matairi yenye upepo mdogo na mabamba ya chuma ya kuweka chini ya magurudumu yaliyozama. Mbinu hizo ndizo zilizotumiwa baadaye na kikosi cha Long Range Desert Group alichokiunda mwaka 1940, na vibao vya plastiki vinavyouzwa leo kwa ajili ya kujinasua ni wajukuu wa mabamba yale.

Kwa gari kubwa la 4WD lenye matairi ya ubavu mrefu, anza na psi 18. Mchanga ukiwa mgumu na wenye unyevu, psi 20 hadi 22 zinaweza kutosha; ukiwa mkavu na wa kina, teremka hadi 15. Kwa gari dogo la AWD lenye ubavu mfupi, nashauri usishuke chini ya 18 au 20, maana rimu iko karibu na ardhi na jiwe moja linaweza kuipinda. Chini ya psi 12 hatari ya tairi kuchomoka kwenye rimu huwa kubwa, hasa ukikata kona kwa haraka, na kiwango hicho ni cha kujinasua tu, tena kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pima matairi yote manne kwa kipimo kimoja unachokiamini, kinachosomeka vizuri kwenye viwango vya chini. Vipimo vinavyotumia bar husomeka kwa kukumbuka kwamba bar moja ni sawa na psi 14.5.

Niliwahi kuahirisha kazi hii kwa sababu njia ya kuingilia ufuoni ilionekana ngumu na nilitaka kuwahi mwanga wa asubuhi. Mita mia moja za mwanzo zilikwenda vizuri, kisha mchanga ukabadilika rangi kutoka kijivu kuwa mweupe, na gari likaketi. Kupunguza upepo kungenichukua dakika kumi. Kuchimba kulinichukua saa nzima na nusu. Tangu siku hiyo nasimama kwenye ardhi ngumu ya mwisho kabla ya mchanga, hata kama safari ni ya mita mia tano.

Upepo ukishapunguzwa, tabia ya gari hubadilika. Usukani huwa mzito na mvivu, ubavu wa tairi huyumba, na joto hujikusanya ndani ya mpira. Usizidishe kilomita 40 kwa saa, usikate kona za ghafla, na usipande lami kabla ya kujaza tena. Pampu ndogo ya umeme wa volti 12 ni sehemu ya lazima ya safari kwa sababu hiyo. Pampu zenye nguvu zifungwe moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, injini ikiwa inazunguka, kwani tundu la kuwashia sigara mara nyingi haliwezi kubeba umeme zinaouhitaji, na fyuzi hukatika.

Saa za maji

Ufuo ni barabara inayofungwa na kufunguliwa na bahari. Kwenye pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kilele kimoja kikifuatwa na kingine baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana ratiba husogea kwa takriban dakika 50 kila siku. Dereva aliyepita salama saa nne asubuhi siku ya Jumatatu hawezi kudhani kwamba saa hiyohiyo itamfaa Alhamisi. Tafuta jedwali la maji la eneo husika, panga kuingia ufuoni maji yakiwa bado yanakupwa, na uwe umetoka saa mbili au zaidi kabla hayajajaa kabisa. Saa zilizo upande huu na upande ule wa maji kupwa kabisa ndizo zinazokupa ufuo mpana na mchanga mgumu.

Maji hayapandi kwa mwendo sawa. Wanamaji hukadiria kwamba katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huleta sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo chote, ya pili huleta mbili, ya tatu na ya nne huleta tatu kila moja, kisha hupungua tena kuwa mbili na moja. Maana yake ni kwamba nusu nzima ya maji huingia katika saa mbili za katikati. Mtu aliyeegesha gari karibu na maji, akaona kwamba kwa muda wa saa moja bahari haijasogea sana, hujipa matumaini ya uongo, kwa sababu saa inayofuata haitakuwa kama ile iliyopita. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, maji hukupwa mbali zaidi lakini pia hurudi juu zaidi, na baadhi ya fuo hukosa nafasi kabisa kati ya mawimbi na miamba. Siku za maji mafu, zilizo kati ya bamvua moja na nyingine, tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo, na mchanga wa juu huweza kubaki mkavu na laini kwa siku kadhaa bila kuloweshwa.

Upepo mkali unaotoka baharini na mawimbi makubwa huweza kuyasukuma maji juu ya kiwango kilichoandikwa kwenye jedwali, kwa hiyo jiwekee akiba ya muda.

Wapi pa kupita

Mahali pazuri pa kuendeshea ni ukanda ulio kati ya alama ya mwisho ya maji kujaa, unayoweza kuitambua kwa mstari wa mwani na takataka za baharini, na ukingo wa mawimbi. Unyevu ulio kati ya chembe za mchanga huzishikanisha, na ndiyo sababu mchanga wenye unyevu wa wastani ni mgumu kuliko mkavu, na mchanga wa asubuhi kuliko wa mchana uliokaushwa na jua. Unyevu ukizidi hadi maji kujaza nafasi zote, mshikamano huo hutoweka. Karibu kabisa na mawimbi, au mahali ambapo mchanga unang'aa na kutikisika ukiukanyaga kwa mguu, gari linaweza kuzama kwa uzito wake lenyewe hata likiwa limesimama. Kama huna hakika, shuka utembee. Kisigino kinachozama zaidi ya sentimita chache ni onyo la kutosha.

Mito midogo inayoingia baharini huchonga kingo za wima ambazo kwa mbali hazionekani, na zile ulizozivuka asubuhi huenda zimebadilika kufikia jioni. Punguza mwendo mapema, tafuta mahali ambapo maji yametawanyika kwa upana, na vuka polepole. Usiendeshe ndani ya maji ya bahari hata kama ni ya kina kifupi. Chumvi huingia kwenye bearingi, kwenye viungo vya nyaya na kwenye breki, na kila wimbi linaporudi huchota mchanga chini ya tairi.

Kwa upande wa nchi kavu, mpaka wako ni mimea. Majani yanayotambaa juu ya vilima vya mchanga yanaonekana duni, lakini mizizi yake ndiyo inayokizuia kilima kisipeperuke, na njia moja ya magurudumu huweza kufungua kovu ambalo upepo utalipanua kwa miaka. Mchanga mkavu wa juu ndiko kasa wanakotagia na ndege wa pwani wanakoweka mayai yao, ambayo yana rangi ya mchanga kiasi kwamba dereva hawezi kuyaona. Mtaro wa tairi wenye kina cha kiganja ni ukuta kwa kasa aliyetoka kuanguliwa, naye hutembea ndani yake badala ya kufika majini. Jambo hili lina uzito kwangu kuliko raha yoyote ya kuendesha, na katika msimu wa kutaga ningependelea kuacha gari mbali na ufuo hata pale sheria inaporuhusu.

Sheria zenyewe hutofautiana mno. Ufuo uitwao 75 Mile Beach wa kisiwa cha K'gari nchini Australia huhesabiwa kuwa barabara, wenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa na sharti la kibali. Kule Daytona Beach nchini Marekani kikomo ni maili 10 kwa saa. Na Afrika Kusini ilipiga marufuku uendeshaji wa starehe kwenye fuo zake kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2001. Uliza mamlaka ya mahali hapo kabla ya kuteremka. Hata katika ufuo unaoruhusu mwendo mkubwa, kumbuka kwamba mlio wa mawimbi humeza mlio wa injini, na mtoto anayecheza akiwa amekupa mgongo hatasikia unakuja.

Mwendo, gia na usukani

Chagua 4H kabla ya kugusa mchanga. Ondoka taratibu, kisha jenga mwendo wa wastani na uushikilie. Katika gari la gia za mkono, gia ya pili au ya tatu hufaa sehemu nyingi, na kubadilisha gia katikati ya mchanga laini kuepukwe, kwa kuwa kile kitambo kifupi ambacho klachi imekanyagwa hutosha kupoteza mwendo wote. Katika gari la gia za kujiendesha, lilazimishe kubaki kwenye gia ya chini ili lisipandishe gia wakati lisipotakiwa. Gia ya 4L huhitajika pale mchanga unapokuwa wa kina sana au wakati wa kujinasua, na kwa kawaida gari lazima liwe limesimama au likienda polepole kabisa ndipo ikubali kuingia.

Sikiliza injini. Ikianza kulemewa, ongeza mafuta kidogo kidogo. Mlio ukipanda ghafla bila gari kuongeza mwendo, magurudumu yanateleza, na mguu wako unapaswa kurudi nyuma mara moja. Gari linaposita, kuyumbisha usukani kidogo kulia na kushoto huzifanya kingo za tairi zishike mchanga mpya, na mara nyingi hilo latosha kuvuka hatua chache zilizobaki. Fuata njia zilizokwisha kukanyagwa ikiwa kina chake kinaruhusu tumbo la gari lako, maana mchanga wake umeshindiliwa. Ukitaka kutoka kwenye mtaro, tafuta mahali ulipo mfupi na utoke kwa pembe inayoeleweka. Ukigeuza usukani kidogo tu, magurudumu ya mbele yatateleza kando ya ukuta wa mtaro bila kupanda, kisha yatapanda yote kwa ghafla.

Breki ni adui mwingine. Tairi linalobanwa husukuma tuta la mchanga mbele yake, na tuta hilo ndilo utakalolazimika kulipanda ukitaka kuondoka. Achia mafuta mapema, mchanga wenyewe utalisimamisha gari. Simama mahali pagumu, ikiwezekana pua ya gari ikiwa imeelekea mteremko, ili kuondoka kusaidiwe na uzito wako mwenyewe. Geuza gari kwa duara pana.

Kilima cha mchanga hupandwa na kushukwa kwa mstari ulionyooka. Kwenda kwa ubavu huhamishia uzito upande wa chini, tairi la chini huzama, na gari huweza kupinduka kwa mwendo mdogo ajabu. Ukishindwa kufika kileleni, usijaribu kugeuza. Weka gia ya kurudi nyuma na ushuke kwa njia uliyopandia, usukani ukiwa umenyooka. Wote waliomo wawe wamefunga mikanda, na pasiwe na mtu aliyepanda nyuma kwenye mzigo.

Ukikwama

Gari likiacha kwenda mbele, ondoa mguu kwenye mafuta. Tofauti kati ya kukwama kwa dakika tano na kukwama kwa saa mbili iko katika mizunguko michache ya magurudumu inayofuata, kwani kila mzunguko hulishusha gari karibu zaidi na hatua ambayo tumbo hulala mchangani na magurudumu hayabebi tena kitu.

Jaribu kwanza kurudi nyuma polepole kwenye alama zako mwenyewe, kwa sababu huko mchanga umekwisha kushindiliwa. Likikataa, shuka uangalie. Punguza upepo zaidi, kwa psi 3 au 4 kila tairi, kisha ujaribu tena. Likikataa bado, chukua koleo. Watu wengi huchimba mbele ya magurudumu peke yake na kusahau sehemu inayoshikilia gari, ambayo ni mchanga uliojazana chini ya ekseli, difu na chasisi. Utoe wote hadi uone nafasi chini ya tumbo, kisha chonga mteremko mrefu na wa taratibu mbele ya kila gurudumu, au nyuma yake ikiwa ndiko unakotokea. Ingiza vibao vya kujinasulia chini ya tairi kadiri vinavyoweza kufika, meno yake yakitazama juu, na uondoke kwa gia nzito na mafuta kidogo sana. Gurudumu likizunguka juu ya kibao, meno ya plastiki huyeyuka, na kibao huweza kurushwa nyuma kwa nguvu, hivyo pasiwe na mtu nyuma ya gari. Likishatoka, usisimame mpaka ufike mahali pagumu. Vibao utavifuata kwa miguu.

Jeki ya gari ikitumika mchangani lazima iwekewe ubao mpana chini yake, la sivyo itazama yenyewe badala ya kuinua. Mtu asiingize mkono wala mguu chini ya gari lililoinuliwa hivyo, kwa kuwa mchanga huhama bila kutoa dalili.

Kuvutwa na gari jingine ni njia ya haraka, na ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Kamba inayonyumbuka hukusanya nguvu kama mpira unaovutwa, na chochote kinachokatika hurushwa kwa kasi inayoua. Fungia kwenye sehemu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuvutia, zilizounganishwa imara na chasisi. Kamwe usifungie kwenye kile kichwa cha mviringo cha trela, ambacho kimeshavunjika na kuua watu waliokuwa kwenye magari. Zile pete ndogo zinazotumika kufungia gari juu ya lori au melini nazo si za kazi hii. Watu wanaotazama wakae mbali, umbali unaozidi urefu wa kamba kwa nusu yake, na wasisimame katika mstari wa kamba. Weka koti zito au mkeka wa gari juu ya kamba katikati ili kuipunguzia mruko ikikatika. Chimba kwanza hata kama utavutwa, kwa kuwa gari lililochimbuliwa huhitaji nguvu ndogo zaidi kulitoa.

Maji yakiwa yanajaa na kazi haiendi, hamisha watu kwanza wapande juu, kisha uombe msaada mapema kabla mawimbi hayajafika kwenye magurudumu. Gari hulipwa, uhai haulipwi.

Baada ya kutoka

Kabla hujaondoka, fukia mashimo uliyochimba, kwani gari linalokuja nyuma yako jioni halitayaona. Rudi kwenye ardhi ngumu, jaza matairi hadi kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, fungua difu ulizozifunga, rudisha 2H, na uwashe tena mfumo wa kuzuia utelezi. Sikiliza kilomita za mwanzo: mtikisiko kwenye usukani mara nyingi husababishwa na mchanga ulioganda ndani ya rimu, na huisha ukioshwa.

Siku hiyohiyo, osha gari kwa maji yasiyo na chumvi, ukielekeza mfereji zaidi chini kuliko juu: ndani ya matao ya magurudumu, juu ya chasisi, nyuma ya breki na mbele ya rejeta. Bomba la kumwagilia bustani linaloachwa likirusha maji chini ya gari kwa dakika kumi na tano, kisha kusogezwa na kuachwa tena, hufaa kuliko mashine ya msukumo mkali, ambayo huweza kuusukuma mchanga ndani zaidi ya sili za bearingi. Kanyaga breki mara kadhaa ukiwa njiani ili zikauke. Baada ya siku moja au mbili, fungua kichujio cha hewa na ukikung'ute, kagua nati za magurudumu, na tazama chini ya kila ekseli kama kuna oili inayovuja kwenye sili.